Chupa Yenye Ilizikwa mu Ndizi

Beni, Mulekera, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Mudogo yangu Mariette,

Nakusalimia mingi, na nyumba yote inakusalimia. Siye huku tuko bazima. Mvua imeanza, muhogo ya nyuma ya nyumba imesimama, mbuzi ya Mama Hawa jirani imekula majani ya muhogo, sombe yangu, mara mbili na bado tunaongea na Mama Hawa. Kaka yetu Maliro unisalimie yeye na muke yake Débora. Umuambie ile mbegu ya maharagi alinitumia imeota yote.

Unaona ninaandika juu simu yangu ilibaki mu soko, mu mufuko ya mutu nisiyemujua. Lakini hata ningekuwa nayo, ningeandika. Kwa simu unasemaka "yaya, nitakupigia", na unapotea. Karatasi haina crédit ya kuisha. Nassoro anapita na gari yake kila wiki kati ya Beni na Butembo, ataibeba.

Mutoto yangu Shekinah alifika siku ya pili ya wiki, amekaa mbele karibu na Nassoro sawa mutu mukubwa. Kovu yake anaionyesha kila mutu ya avenue, hata padri alionyeshwa. Miaka munane, figo moya, na anakula sawa mutu ya figo tatu. Miye bado naona ile picha ya écho, ya kuangalia ndani ya tumbo: figo ya kushoto, na uvimbe sawa tunda ya avoka imeshikamana nayo. Nashukuru waliitoa. Zile siku kenda zenye barabara ilifungwa nilikuwa nazunguka mu nyumba sawa kuku yenye inatafuta fasi ya kutaga. Wewe njo ulisimama mu fasi yangu ku hopitali. Wazee banasemaka mama mudogo ni mama. Nilikuwa nasikia tu, leo najua.

Sasa kitu moya. Unajua namna tulizika bwana yangu Kambere. Alienda ku shamba ya upande wa Kamango, bakamuua kule, na yenye tulirudishiwa ilikuwa buti zake tu, bila mwili. Bwana yangu iko mu udongo na buti tu. Tangu ile siku niliapa: hakuna kitu ya mutu yangu itabaki inje bila udongo. Njo maana nilikutumia, mbele barabara ifungwe, kipande ya kitambaa ya kikwembe yangu ya arusi ufungie ile figo mbele ya kuizika. Uniandikie wewe mwenyewe namna mulifanya. Nataka kuisoma.

Yaya yako,
Kavuo


Butembo, tarehe 19 mwezi wa tatu 2024

Yaya Kavuo mupenzi,

Barua yako nilipata, merci. Huku baridi ni ile ile, asubui ukungu inatufunga mpaka saa tatu. Débora anakohoa kidogo. Yaya Maliro anasema maharagi yenye haikuota ni ile alibakisha yeye mwenyewe, na anaomba umurudishie mbegu.

Kuhusu ile kitu, ilifanyika. Niliipeleka mu chupa ya plastiki yenye formol, ile dawa yenye inazuia kitu kuoza, namna tunafanyaka ku labo. Kikwembe yako tuliizungusha inje ya chupa. Yaya Maliro alichimba mu shamba ya ndizi ya marehemu mama, alisali Baba Yetu, aliweka jiwe nyeupe juu. Basi. Tafazali, yaya, tuache kuongea juu ya ile. Mutoto iko muzima, donc tushukuru.

Nikupe habari ya kufurahisha. Miaka sita nimeosha chupa za labo, unajua. Sasa kuko Docteur Lusenge, mutafiti mugeni kutoka Kinshasa, ameniweka kwa kazi ya kweli. Iko na mashine yenye inashika joto ya mwili ya mutu, haizimike. Ndani yake kuko bitu niko nalisha, kila siku mbili, hata Siku ya Mungu. Nabadilisha maji yao. Ile maji iko nyekundu kidogo, na ikigeuka njano najua zinasikia njaa. Docteur anasema mikono yangu haitetemeke. Hakuna mutu aliniambiaka vile. Lakini njo maana sitaweza kuya ku Pasaka.

Umubusu Shekinah ku kila shavu.

Mariette


Beni, Mulekera, tarehe 21 mwezi wa ine 2024

Mudogo yangu,

Salamu kwako na kwa bale bote ya lupango. Pasaka tulikula bila wewe. Mama Hawa alituletea wali, ingawa kwao haikuwa sikukuu, njo alilipa sombe yangu vile.

Nilisomea Shekinah barua yako, na siye wawili tulibishana sana. Mashine ya joto, bitu ya kulisha, maji ya kubadilisha. Mariette, uko unafuga kuku mu hopitali? Shekinah anasema ni kuku za docteur. Anauliza ziko ngapi, na kama mama mudogo anaweza kumutumia moya, ya madoadoa. Nilimuambia kuku ya Butembo imezoea baridi, itakufa na joto ya Beni. Alikataa. Umujibu wewe.

Sahani yake hamalizi tena tangu wiki mbili, na anakohoa. Infirmière, muuguzi ya hapa, anasema ni kikohozi ya mvua.

Maliro alipita kutwaa mbegu yake, na alisema kitu yenye haikunipendeza. Anasema siku ya kuzika haukuingia mu ndizi. Ulisimama ku barabara na sac yako, unaangalia saa. Nilimujibu kwamba Mariette anaogopaka makaburi tangu utoto. Ni vile?

Kavuo


Butembo, tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Yaya,

Unisamehe nimechelewa, kazi ni mingi. Siye bote bazima. Natuma vitamini na blouse ya Shekinah, kama mikono ni murefu umukunjie.

Ni vile, naogopaka.

Muambie Shekinah kuku zinazidi. Chupa moya imekuwa ine, ine zimekuwa kumi na mbili. Docteur Lusenge amesafiri Ulaya na nusu, nusu ameniachia miye peke yangu. Ya madoadoa hakuna, lakini siku moya atakuya kuziona.

Na ile kikohozi, yaya, hapana kungojea infirmière. Mulete haraka ku Butembo bamuangalie mapafu. Nakuomba.

Mariette


Beni, Mulekera, tarehe 28 mwezi wa munane 2024

Mariette,

Salamu. Wageni ya musiba bamepunguka, nyumba imebaki na miye na viti ya kuazima.

Shekinah tulimuzika tarehe 12, unajua, juu Nassoro alikuambia na ulituma maua. Maua ilifika. Wewe haukufika. Kila mutu aliuliza mama mudogo iko wapi, na nilijibu iko na kazi yenye haiwezi kuacha. Nilisema ile kwa batu sabini.

Wakati tulikuya ku mwezi ya saba kumuangalia mapafu, na docteur akatuambia ile ugonjwa imeshapanda huko, ulitusindikiza mpaka ku banc, ile kiti ndefu ya kungojea ya hopitali, na ulikimbia ku labo yako. Sikukasirika. Nilisema mudogo yangu analia inje ya macho ya mutoto. Mbele ya kurudi Beni tulipita mu ndizi za mama, siye wawili. Shekinah aliweka mukono ku jiwe nyeupe, akasema, "Bonjour, figo yangu." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ku siku za mwisho aliuliza tena kuku zako.

Sasa sikia. Kaburi yake haijafungwa. Nilimuambia fundi Ésaïe aache kona moya bila siment, upande wa kushoto. Ile chupa umuombe Maliro aichimbue, uifunge muzuri, umupe Nassoro. Tarehe 21 ya mwezi wa kenda tunatoa matanga. Ile siku nataka mutoto yangu awe mu udongo muzima, kila kitu yake. Kambere nilimupa udongo na buti. Shekinah hapana.

Kavuo


Butembo, tarehe 6 mwezi wa kenda 2024

Yaya yangu Kavuo,

Pole, pole sana. Silale, sikule. Débora njo ananishikilia.

Ile mambo ya kuchimbua nimewaza sana. Formol ni sumu, inaweza kumwagika mu gari juu ya batu. Tena mvua huku imelainisha udongo. Tena Yaya Maliro amepanda maharagi kando kando ya lile jiwe. Niliuliza padri, anasema ufufuo hauhitaji batu bakusanye mifupa, Mungu anajua fasi ya kila kitu. Muache pale, yaya. Iko mu ndizi za mama yetu. Iko na bibi yake.

Uambie Ésaïe afunge kona.

Mariette


Butembo, tarehe 14 mwezi wa kenda 2024

Yaya,

Natuma hii na mutu ya moto, na pikipiki, sina muda ya salamu. Débora ameniambia ulitumia Maliro habari ukinizunguka, na yeye jana alichimbua chupa akamupa Nassoro.

Hapana kuifungua. Hata kidogo. Formol itakuumiza macho. Uiweke namna iko, na kikwembe yake, ufunike udongo. Nakuapia ni vizuri vile. Hapana kufungua.

Mariette


Beni, Mulekera, tarehe 15 mwezi wa kenda 2024

Mariette,

Mutu yako ya moto alinikuta na chupa mu mikono, imeshafunguliwa.

Nilitoa kikwembe yangu kwanza. Ilikuwa imeoza ku kona, lakini maua yake bado naijua. Nilitaka tu kumuona mbele ya kumufunika, juu siku ile ya opération sikumuona. Macho haikuniuma.

Mudogo yangu, miye napasua mbuzi tangu niko musichana. Kila arusi ya parokia hii, njo miye niko ku nyama. Ile figo iko ndogo, laini, safi, bila jeraha. Uvimbe sawa avoka niliiona na macho yangu ku écho. Iko wapi? Nilimuita Mama Hawa aangalie, nikizani huzuni imeharibu akili yangu. Aliangalia mara moya, akanishika mukono, akasema, "Mama Shekinah, hii ni mbuzi."

Mutoto yangu alipiga magoti mu ndizi na alisalimia mbuzi.

Unajua yenye inaniuma na kunichekesha pamoya? Kama ungeifunga tu mu jani ya ndizi, ingeoza, na uongo yako ingeoza nayo, na ningekufa nakushukuru. Lakini wewe mutu ya labo uliiweka mu formol.

Figo ya mutoto yangu iko wapi? Andika.

Kavuo


Butembo, tarehe 27 mwezi wa kenda 2024

Yaya Kavuo,

Barua hii nimeianza mara saba. Kama utaichana mbele ya kufika mwisho, nitaelewa.

Ile asubui ya opération nilikuwa mu couloir, ku mulango ya fasi ya kupasulia. Docteur Lusenge naye alikuwa pale, na sanduku ya barafu. Ilikuwa mara ya kwanza tunaongea. Alinieleza kwamba kando ya uvimbe kuko fasi ya figo yenye ingali nzima, na mu ile fasi kuko mishipa ya damu kidogo kupita zote, imejikunja sawa uzi, njo inachujaka damu ya mutu. Alitaka kutoa seli za ile mishipa, azikuze mu chupa, apime dawa juu yao mbele ya kupima juu ya bagonjwa. Lakini inafanyika mu ile saa tu, figo ingali na joto. Na mama anapaswa kusaini. Wewe ulikuwa Beni, barabara imefungwa, simu yako haipatikane. Akauliza mama ya mutoto ni nani.

Nilisema, "Ni miye."

Niliandika jina yako, yenye ilikuwa ku karatasi za mutoto, na ku fasi ya uhusiano niliandika mama. Yeye hakukosa, hakujua, ananiitaka Mama Shekinah tu. Alikuwa bila musaidizi, akaniambia nioshe mikono nishike chujio. Ile kipande ya figo tuliisaga, tukaipitisha mu chujio tatu, namna tunachungaka bunga, kila moya na matundu kidogo kupita ingine. Yenye ilibaki ku ya mwisho ilikuwa sawa muchanga mwekundu. Ile njo mishipa yenyewe. Siku ya tano seli zilishika chini ya chupa. Ku microscope zilikuwa zimepangana sawa mawe yenye inatandikwa mu lupango, uwanja ya nyumba ya mutu tajiri, safi, hakuna nafasi kati. Yaya, sijaona kitu muzuri vile mu maisha yangu.

Uvimbe ilitwaliwa kuchunguzwa, na mabaki yote ilichomwa ku fourneau ya hopitali. Wakati nilikumbuka kikwembe yako, hakukuwa tena kitu ya kufungia. Maliro alikuwa ananingojea na jembe. Nilipita kwa muchinjaji.

Zile bitu nilikuwa nalisha ni Shekinah. Kuku ni yeye.

Wewe mwenyewe uliandika mama mudogo ni mama. Miye sina mutoto, unajua namna Mungu alinifungia. Siku ya maziko sikuwa na kazi. Nilikuwa ku microscope, nalia, naangalia seli moya inakuwa mbili, na nilisema hajakufa yote, iko huku mu joto, anakunywa. Nilitaka kukuambia kila siku. Pengine zile seli zitaonyesha dawa gani inaua figo ya batoto, na mama mwengine hatazika. Si ni kitu, yaya?

Karatasi yenye nilisaini naituma mu enveloppe hii. Uichome kama unataka.

Mudogo yako, kama bado ni vile,
Mariette


Beni, Mulekera, tarehe 5 mwezi wa kumi 2024

Mariette,

Leo hakuna salamu.

Simu yangu haikupatikana, ni kweli. Ya Mama Hawa ilipatikana. Numero yake unaijua tangu miaka kumi, njo ulipigaka siku ya Kambere. Hopitali iko na simu. Haukunitafuta ukanikosa, haukutaka kunipata.

Tarehe 21 tulitoa matanga na kona wazi. Batu baliuliza, nilisema Ésaïe amekosa siment, na siment yake ilikuwa pale mu sac, inanisikia. Sasa na miye nadanganya batu juu yako.

Unauliza kama si kitu. Ni kitu. Pengine ungeniuliza, ningesema oui. Pengine ningesema hapana, na ningekulaani. Sijue ningejibu nini, na sitajua mpaka kufa, juu ile jibu ilikuwa yangu na uliitwaa mbele nifungue kinywa.

Lakini sikia yenye inanikata kupita zote. Mwezi ya saba mutoto alilala ku banc ya hopitali. Nyuma ya mulango moya tu kulikuwa zile seli zake, ziko zinakunywa ku mukono yako. Alikuomba kuku na macho yake. Ungefungua ule mulango. Ungemuambia, Shekinah, angalia, hii ni wewe. Angecheka, unajua namna alichekaka, angeambia avenue yote. Hata ile haukumupa. Ulimuacha ku banc, ukaenda kumulisha mu chupa.

Wazee banasema yenye inakukula iko mu nguo yako. Niliwaza banasema chawa.

Karatasi nimeisoma, sitaichoma. Jina yangu kwa mukono yako, na chini yake: mama. Basi sina ubishi tena. Mama anazaa, analisha, na kama inafika anazika. Kuzaa nilizaa miye. Kulisha ulilisha wewe. Ile ya tatu ni yako. Kusanya yote yenye ni yake, fasi yote yenye iko, ulete hapa. Kona ingali wazi. Kama wewe ni mama yake, njoo umuzike.

Kavuo


Butembo, tarehe 13 mwezi wa kumi 2024

Yaya,

Nitafika siku ya posho, tarehe 19, na gari ya Nassoro.

Yote sitaweza kuleta, na sitakudanganya tena. Nusu iko Ulaya mu barafu. Nilimuandikia Docteur Lusenge. Alijibu kwa heshima sana, anasema zimegawiwa fasi tatu na haziwezi kukusanywa tena. Ku mwisho aliandika anashukuru mama. Anazani bado ni miye. Nimemuandikia kweli jana, na ku kazi pia nimesema, donc sina kazi tena kuanzia wiki hii. Baliniachia nichukue tu zile seli zenye ni zenu.

Huku zilibaki chupa mbili. Zimezeeka, yaya. Kila seli iko na kipimo yake, inagawanyika mara hesabu fulani, na inasimama. Za Shekinah zimekaribia kusimama, lakini ziko nzima. Nimeziangalia asubui ya leo.

Nitazifunga ku kifua, chini ya nguo, na kipande ya kikwembe yangu juu. Joto yangu na ya mashine ni moya. Lakini hewa ya mashine sina, na ku barrière ya baaskari pengine tutakaa. Inawezekana zitakufa mu njia. Inawezekana zitafika ziko nzima, na ile njo naogopa kupita. Yaya, kama zitafika nzima, nitazizika namna gani? Sema neno moya tu, hapana, na nitazirudisha ku mashine, hata nikipaswa kupiga magoti.

Hapana kunipikia.

Mariette


Mulekera, tarehe 19 mwezi wa kumi 2024, asubui
(ku mulango)

Mariette,

Niko kwa Mama Hawa, na sitatoka mpaka Nassoro anijulishe umepanda gari ya kurudi. Hapana kunitafuta, hapana kuita.

Uliuliza namna ya kuzika kitu kingali na uzima. Sijue. Miye nilizikaka batu benye bamekufa tu. Muulize ule mama alisaini.

Jembe iko nyuma ya jikoni. Kona ni upande wa kushoto, udongo nimeilainisha jana na maji. Ukimaliza hapana kuweka jiwe. Jiwe yako mutoto aliisalimia mara moya, inatosha.

Mu sufuria kuko bugali na sombe, juu hakuna mutu ya safari analalaka njaa ku nyumba yangu. Ukule, umuzike, uende.

Kavuo, mama ya Shekinah